Nimevuja, Kwa Hiyo?

4 Februari

Kitindamimba wangu,

Hujambo huko kwenye baridi? Sisi huku wazima, ila mimi nimeamka na kichwa kinagonga, na wa kulaumiwa ni nyie. Mama anakusalimu. Anasema ukimpigia simu usiwe unatafuna.

Jana katoni ya kampeni yenu mpya ilifika. Niliifungua mbele ya ofisi nzima, maana nilidhani ni kitu cha kututia moyo. Ndani kuna bango: mama mwenye mvi anakimbia ufukweni, suruali nyeupe pe, mikono juu kama aliyeshinda bahati nasibu. Chini yake, kwa Kiswahili ambacho sijui mmekiokota wapi, pameandikwa: "Vuja kwa Ujasiri." Dereva wetu aliuliza kama sasa tunauza mabomba.

Nakuandikia kwenye anwani yako ya nyumbani kwa makusudi, nikuseme kama dada yako, si kama mkuu wa matangazo wa tawi. Nyie huko makao makuu mnatengeneza tangazo moja la dunia nzima, halafu sisi wa matawi ndio tunaolibeba mpaka mlangoni kwa mteja. Na tunachouza ni nepi za watu wazima, mdogo wangu, si soda. Anayezihitaji haendi dukani. Anayekwenda ni mtoto wake, tena anangoja foleni ipungue, ananong'ona, kisha anaomba mfuko mweusi. Sasa wewe unataka nimsimamishe mama wa watu barabarani atangaze kwamba amejikojolea na amefurahi.

Na kwa nini yuko peke yake? Picha nzima haina mtoto wala mjukuu. Huku watu hawataona uhuru hapo. Wataona mzee aliyetelekezwa.

Nipe ruhusa nitengeneze tangazo langu. Nitazungumza na hao watoto wanaonong'ona. Usinijibu kwa lugha ya mikutano.

Dada yako


13 Februari

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima wa afya, baridi tu ndiyo inanionea. Mwambie Mama sitafuni, ni simu yangu ina mikwaruzo. Na umshawishi akubali kuja huku kunitembelea. Nimemwalika tena, amekataa tena, anasema magoti. Magoti gani hayo yanayopanda ngazi za nyumba yako kila siku?

Barua yako nimeisoma mpaka mwisho, na naomba nawe usome yangu hivyo hivyo. Kila wiki napokea malalamiko ya matawi, na yote yanaanza na maneno yale yale: huku kwetu ni tofauti. Ukiyaweka pamoja utadhani dunia imejaa wateja wa ajabu na hakuna hata nchi moja yenye watu wa kawaida. Wengi waliolalamika baadaye waliuza vizuri.

Halafu tazama upande wa pili. Ukimpa mteja mfuko mweusi, umekubaliana naye kwamba ana kitu cha kuficha. Wazee wanajifungia ndani kwa ajili ya aibu, Dada, si kwa ajili ya mkojo. Yule mama anayekimbia anawaambia watoke nje. Kuna ubaya gani?

Jambo jingine nakwambia kama ndugu. Bosi wangu anajua wewe ni dada yangu. Nikikutetea anatabasamu, na tabasamu lake silipendi. Nilichoweza ni kurekebisha Kiswahili. Ile ya mabomba nimeifuta, nimeweka: "Nimevuja. Kwa hiyo?" Nimeitunga mwenyewe. Naona ina mwendo.

Mabango yapande mwezi ujao kama ilivyopangwa. Tafadhali.

Mdogo wako


19 Machi

Kitindamimba,

Natumai u mzima, maana ninachokwambia kinahitaji mtu mwenye afya.

Mabango yamepanda, na maneno yako kweli yana mwendo. Yametembea mji mzima. Wanafunzi wakichelewa shuleni wanamwambia mwalimu, "Nimechelewa. Kwa hiyo?" Fundi aliyenitengenezea paa, nilipomwonyesha panapodondoka maji, alicheka mpaka akashika ngazi. Kila mtu anayajua maneno yetu na hakuna anayenunua bidhaa yetu. Maduka ya dawa yamegeuza maboksi yakatazama ukuta, kwa sababu mteja akionekana kusimama karibu nayo, anaanza kueleza bila kuulizwa kwamba yeye anatafuta dawa ya kikohozi.

Juzi alipiga simu mama mmoja, sauti ya upole kabisa. Akauliza yule mzee wa kwenye bango watoto wake wako wapi, na kama tuna namba yao. Nilimwambia yule ni mwigizaji. Akasema, "Hata mwigizaji ana watoto."

Basi nimefanya nilichokuomba ukanikatalia. Nimechapisha mabango yangu. Kijana amesimama nyuma ya mama yake aliyeketi, mkono begani, na maneno: "Mtunze Aliyekutunza." Pakiti nimezitia kwenye karatasi ya kaki isiyo na maandishi. Wiki hii ya kwanza wenye maduka wanapiga simu kuomba mzigo mwingine.

Makao makuu sijawaambia. Nakwambia wewe, na nategemea damu ni nzito kuliko maji.

Mama hajambo. Safari bado anakataa, na mimi usiniingize.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sitauliza hali, nitasema yangu kwanza.

Bosi aliweka picha ya bango lako ukutani mbele ya watu wote. Kuna mtu wa huko aliyempelekea, sijui nani. Akaniuliza kwa utaratibu, "Hili ulilijua?" Ningesema silijui ningekuwa mwongo, na ningesema nalijua ningekuwa mwizi mwenzako. Nikasema nalijua. Damu ni nzito kweli, na sasa imenimwagikia mimi.

Ungeniambia unapanga, tungepigana kwa siri mpaka tukubaliane. Umenitangulia, kisha ukanipa siri nikae nayo kama mtu aliyepewa kaa la moto ashike kidogo.

Kama umemwambia Mama asije kwangu ili nisipate nafasi ya kumlalamikia, sema. Kwa hali ilivyo siwezi tena kujua.

Mdogo wako


28 Aprili

Dada,

Umenyamaza, na mimi nina haki ya kukasirika lakini sina haki ya kukukosa. Uko salama?

Nauliza pia kwa sababu naona mauzo ya tawi lako. Yalipanda kama moshi, na sasa yameanguka. Hakuna anayerudi kununua pakiti ya pili. Bosi anafurahi kuliko inavyompasa. Mimi sifurahi. Nini kimetokea?

Mdogo wako


11 Mei

Mdogo wangu,

Niko salama. Nilinyamaza kwanza kwa hasira, halafu kwa sababu nyingine ambayo ni lazima uisikie kutoka kwangu.

Ulichokiona ni kweli. Watoto walinunua, tena kwa moyo. Wakapeleka nyumbani, wakaweka mezani, na wazee wakakataa kuzigusa. Mwenye duka la dawa karibu na ofisi amenirudishia pakiti tele. Anasema mzee mmoja alimwambia mwanawe, "Wewe ulipovaa hizi, mimi nilikutangaza?" Mwingine hasemi na binti yake mpaka leo. Mimi niliyejifanya nawajua watu wangu niliwajua watoto tu. Wazee wenyewe sikuwauliza, kama na nyie msivyowauliza.

Siku hiyo ya kurudishiwa mzigo niliondoka kazini mapema, nimechoka na kila mtu. Nikaingia chumbani kwa Mama bila kubisha. Alikuwa ameketi kitandani, mkasi mkononi, anakata shuka vipande. Vingine alikwisha kuvikunja na kuvishonea ndani ya sketi zake.

"Mama, si shuka nzima hiyo?"

"Ilikuwa nzima."

Nadhani nilielewa kabla sijataka kuelewa. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu kabla sijapandishwa cheo. Nikahesabu kichwani safari alizokataa, harusi alizoondoka mapema, na zile kanga anazofunga juu ya gauni hata kukiwa na joto.

"Kwa hiyo magoti?"

"Magoti yangu hayana kitu."

"Mama, mimi ndiyo kazi yangu. Ofisini kwangu zimejaa mpaka dirishani."

"Ndiyo maana sikukwambia," akasema. "Ningekwambia leo, kesho ungeniletea katoni, na kesho kutwa ungeniuliza kama nimeipenda."

Ndivyo hasa ambavyo ningefanya, mdogo wangu, na sikutaka kukiri. Nikakasirika badala yake. Nikamwambia kumbe anapita chini ya mabango yetu kila siku na anatuacha tuhangaike. Akauweka mkasi chini, akanitazama vile alivyokuwa akiwatazama walimu wake alipokuwa mwalimu mkuu.

"Nimeyaona yote mawili. Yule wa mdogo wako ananiambia nicheke. Nicheke nini? Huyu wako kashikwa bega kama mtu anayeagwa. Mimi nimeongoza shule, nimefukuza walimu wenye jeuri, na hakuna aliyewahi kunishika bega."

"Sasa Mama unataka nini?"

"Nataka kuketi kwenye kiti cha watu, nikinyanyuka nisiangalie nyuma. Tangazeni hilo kama mnaweza."

Kisha akaniambia nitoke na nikirudi nibishe hodi.

Sijui tufanye nini. Nina hasira nawe, na bosi wako, na bango langu, na Mama pia, Mungu anisamehe. Hivi mtu anaishije nyumba moja na muuza miavuli na anakubali kunyeshewa?

Dada yako


16 Mei

Dada,

Shikamoo, na pole. Barua yako niliisoma kwenye ngazi za ofisi, nikakaa pale pale, watu wakanipita.

Nimemtafuta mtaalamu wa afya wa kampuni, yule ambaye jina lake tunalichapa kwenye maboksi na hatuzungumzi naye. Nikamweleza bila kutaja mtu. Akasema kwa wanawake wengi hali hiyo hupungua sana kwa mazoezi ya misuli na matibabu, na wengine hupona. Nikamuuliza mbona hatusemi popote. Akasema hajawahi kuulizwa. Kwa hiyo mpeleke Mama kliniki, hata kwa kumdanganya kwamba ni magoti.

Sasa sehemu mbaya. Niliingia kwenye mkutano nikiwa bado nachemka. Nikasema kampeni zote mbili zimekosea, yetu na yenu, na kwamba boksi lenyewe lianze kwa kumwambia mtu amwone muuguzi. Bosi akauliza kama nataka tulipe watu wa kutupunguzia wateja. Katika kubishana nikasema, "Mama yangu mzazi anakata shuka." Watu wote wakaweka kalamu chini. Nikadhani nimewagusa.

Kumbe nimewapa wazo. Bosi anamtaka Mama. Anataka uso wake kwenye mabango, jina lake, shule yake na mkasi wake. Anasema hii ni hadithi halisi na haitahitaji tafsiri. Ameniagiza nimwombe kibali, na amenikumbusha kwamba mkataba wangu unaangaliwa upya mwezi wa saba.

Sijui kwa nini nakuandikia hili badala ya kumkatalia mwenyewe. Labda nataka unikasirikie kwanza, nipate nguvu.

Mdogo wako


22 Juni

Kitindamimba,

Hujambo? Hasira uliyoomba nilikuwa nayo nyingi, lakini nilimwachia Mama akujibu, maana yeye ndiye mwenye mali. Nilimsomea barua yako yote, sikuruka mstari. Alisikiliza amefumba macho. Kisha akasema, "Mwambie bosi wake aanze na mama yake."

Mpelekee hivyo hivyo. Usilainishe.

Kliniki tulikwenda, na hakuna aliyedanganywa. Muuguzi alikuwa mwanamke wa umri wangu, akaniambia, "Wewe subiri nje," nami nikasubiri nje kama mtoto. Mama alipotoka alikuwa amekunja uso, lakini alitembea haraka. Anafanya mazoezi yake asubuhi na jioni na haruhusu yazungumzwe mezani. Anasema hali imepungua. Akitoka kwenda mbali anavaa pedi nyembamba, anazinunua mwenyewe, na duka halijui kwamba mimi ni mwanawe.

Jambo jingine amelifanya bila kuniuliza. Alimwalika yule muuguzi kwenye mkutano wa walimu wanawake waliostaafu, sebuleni kwangu. Akaniambia, "Usije na katoni, usije na kamera." Nikawekwa jikoni kuosha vikombe. Mlango haufungi vizuri, kwa hiyo nilisikia. Alisema kwa sauti yake ile ya paredi ya shule, "Nani kati yenu siku hizi haendi msibani kwa sababu hajui choo kiko wapi?" Halafu mmoja akasema, "Mimi." Mwingine akasema, "Na mimi, ila nilikuwa nasingizia presha." Wakaanza kucheka, na ndani ya kicheko kuna mtu aliyelia.

Mdogo wangu, mikono yangu ina sabuni na akili yangu inatengeneza tangazo. Siwezi kujizuia, ndiyo kazi niliyosomea. Mama akaingia kuchukua sukari, akanitazama mara moja tu. "Usiandike," akasema.

Sikuandika. Lakini nimebadilisha boksi. Nimeng'oa mabango yote, yako na yangu. Boksi jipya halina mtu, halina ufukwe, halina mkono begani. Limeandikwa kilichomo ndani na ukubwa wake, na chini: "Kuvuja mkojo mara nyingi kunatibika. Muulize muuguzi. Wakati unasubiri, hizi zitakusaidia." Basi. Wauguzi wanaziweka kliniki bila kuzificha na bila kuzipigia debe, na wazee wanaingia kununua wenyewe.

Makao makuu wameniletea onyo la maandishi, wanasema hiyo si kampeni. Wakinifukuza nitakuja kukaa kwako, kwa hiyo nunua godoro.

Dada yako


14 Septemba

Dada,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima, na nasema "sisi" kwa sababu Mama amekalia kochi langu na anasahihisha ninavyokata vitunguu. Tangu afike hajachoka. Jana tulizunguka mji mpaka mimi nikaomba tukae. Kwenye ndege, anasema, alikaa dirishani na akawasumbua watu wawili kila alipotaka kupita, na hakuwaeleza kitu.

Ujumbe wake nilimpelekea bosi bila kuulainisha. Hakutabasamu. Mkataba wangu waliurefusha kwa muda mfupi, muda wa kumfanya mtu awe na adabu. Halafu mauzo yako yakaanza kuja, mwezi baada ya mwezi, hayarukiruki, yanapanda tu. Sasa kaa chini.

Bosi ameuita "Mkakati wa Boksi Tupu". Ameutengenezea picha zenye mishale. Ameusimulia kwenye mkutano mkuu kama mtu aliyeuota, na kuanzia mwezi ujao matawi yote duniani yanaondoa picha kwenye maboksi, yapende yasipende. Onyo lako limefutwa. Jina lako limetajwa mara moja, na halikutamkwa vizuri.

Leo imefika barua kutoka kwa mkuu wa matangazo wa tawi moja la mbali. Amekasirika vibaya. Anauliza ni nani huyo mwanamke aliyekaa huko kwake akaamua kwamba wateja wa watu wote wanataka boksi lisilo na sura. Anasema kwao kitu kisicho na picha hakiaminiki, na boksi tupu la rangi moja wanaloliona dukani ni la sumu ya panya. Bosi anataka umjibu wewe, umweleze kwa nini amekosea, kabla ya Ijumaa.

Nimemsomea Mama. Ameendelea kukata vitunguu.

Mdogo wako


21 Septemba

Kitindamimba wangu,

Nimefurahi mko salama. Mwache Mama akate vitunguu, usimnyang'anye kisu, na umpikie anachotaka.

Nilikaa kumwandikia huyo mama wa tawi la mbali. Niliandika ukurasa mzima. Nilimwonyesha mauzo, nikamweleza saikolojia ya mnunuzi, nikataja na kliniki. Nilipousoma tena nikaona nimemaliza ukurasa na sijamuuliza hata swali moja. Nikauchana. Nilijichukia, kisha nikamchukia bosi wako, kwa sababu ni rahisi zaidi.

Nikatafuta namba yake nikampigia kazini. Alijua ni mimi hata kabla sijamaliza jina, na alikuwa tayari kwa vita. Alinisomea makosa yangu kwa mpangilio mzuri kabisa, kuhusu sumu ya panya, kuhusu rangi, kuhusu wauguzi wa kwao ambao hawana muda wa kuuza chochote. Mengi yalikuwa kweli. Sikumkatiza. Na mimi sijazoea kutokatiza watu, kwa hiyo nilishika ukingo wa meza.

Alipomaliza nikamuuliza, "Nyumbani kwako, nani anavuja?"

Nilisikia watu wa ofisini kwake wakizungumza nyuma yake, na mtu akicheka, na mlango ukifungwa. Nadhani alikwenda kuufunga mwenyewe.

"Baba yangu," akasema.

Hatukuzungumzia boksi tena. Alinisimulia habari za baba yake mpaka wenzangu wakaondoka kwenda kula, wakarudi. Alilia kidogo, akaomba radhi, nikamwambia haina haja. Hajawahi kumuuliza mzee wake chochote. Jumapili atamuuliza. Ameniomba nisimwambie mtu wa makao makuu, na wewe huhesabiwi.

Bosi wako alitaka jibu Ijumaa. Mwambie tu Ijumaa ilipita. Jibu lenyewe liko kwa mzee mmoja ambaye hatumjui, na bado halijatoka.

Dada yako